Kipande Kisichopewa Kitu

Alhamisi, 2 Novemba 2023

Siku ya marehemu. Nimekwenda makaburini na wifi yangu Jeanne, dada wa marehemu mume wangu Donat. Jeanne amefagia kaburi, amepanga maua ya plastiki, amelia. Mimi nimeshika ndoo. Wakati wa kurudi akaniuliza bila kunitazama, "Marceline, weye hausikie uchungu?" Nikamjibu nasikia. Sijui kama ni kweli. Tangu Julai, presha ilipomwangusha Donat mlangoni pa bafu, niko kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino: anagusa shavu, anajua ni lake, basi. Kwenye kilio wanawake wa ukoo walikaa wakiyangojea machozi yangu, wakarudi makwao mikono mitupu.

Kila jioni Donat alikuwa akiniuliza, "Shamba yako inasema nini?" Nami nampa habari zote, hata za funza. Sasa hakuna anayeuliza, kwa hiyo nitaziandika hapa.

Mvua bado.

6 Novemba

Kikao cha kufungua msimu, shambani kwetu kwenye barabara ya Kipushi. Profesa Sylvain, mkuu wa mradi, alikuja na viatu vya mjini akavichafua mara moja. Aliwaambia akina mama kumi na wawili wa shule ya shambani yale yale aliyoniambia mimi, fundi wake wa shamba, ofisini: ruzuku yetu inaisha Juni. Mfadhili atatoa ya awamu ya pili tukimwonyesha kwamba mboji, chokaa na kunde za kufunika udongo zinazaa kuliko udongo mtupu. Asipotoa, shule inafungwa na chifu anaichukua tena ardhi yake. Tayari kuna tajiri anayeitaka ili kuegesha malori ya madini.

Kila mama ana kipande chake. Katikati yao kuna vipande vinne visivyo vya mtu, ambavyo havipewi chochote ila mbegu na palizi. Tunaviita shahidi, maana ndivyo vitakavyotuonyesha tofauti.

Mama Chisanga akanyoosha mkono. Huyu ndiye mkubwa wao, mwenyeji wa hapo tangu mababu, na mbishi tangu kuzaliwa.

"Profesa, ile ya katikati haitapata kintu?"

"Haitapata, mama."

"Ata kidogo?"

"Hata kidogo. Njo science, ndiyo sayansi yenyewe."

"Ilikosa nini?"

Wenzake wakacheka, Profesa naye akacheka. Mimi nilitazama saa. Nilitaka kufika nyumbani Makomeno kabla ya giza, ingawa nyumbani hakuna kilichonisubiri.

13 Novemba

Mvua ya kwanza. Ya kulaza vumbi tu.

22 Novemba

Tumepanda. Nilimkamata Mama Chisanga akichambua mbegu nene nene kwa ajili ya shahidi. Nikamwambia mbegu ni zile zile, achote bila kuchagua. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayesema siyo sawa. Huyu mwanamke ataninyoosha msimu huu.

23 Novemba

Mvua.

24 Novemba

Mvua. Sephora, mdogo kuliko wote, yule mwenye mtoto mgongoni, kaniletea matembele. Amesema yalizidi.

3 Desemba

Mahindi yameota sawasawa, ya shahidi na ya akina mama. Udongo bado haujasema kitu. Kanisani padri alitangaza misa ya Donat akakosea jina la ukoo. Sikusahihisha.

20 Desemba

Uchaguzi. Nimepanga foleni tangu asubuhi, mashine ya kura ikafika mchana. Nimepiga kura, nimerudi, nimelala na viatu.

25 Desemba

Krismasi kwa Jeanne, mtaa wa Kenya hapa mjini. Kuku, bukari, yaani ugali wetu, na muziki wa majirani kutoka pande zote nne. Jeanne alikuwa anagawa nyama, akaweka paja pembeni kwa ajili ya Donat kama alivyozoea, kisha akaona alichofanya akatoka nje. Nililichukua lile paja nikalila mpaka mfupa. Lilikuwa limezidi chumvi.

9 Januari 2024

Sasa udongo umesema. Mahindi ya akina mama yamefika kiunoni, kijani cha kuiva. Ya shahidi yako magotini, manjano, yamesinyaa kama watoto wa njaa. Profesa amefurahi sana, amepiga picha akiwa amepiga goti na shati jeupe. Nami nimefurahi kwa niaba ya mradi, namaanisha nimesema, "Ni vizuri."

Akapita mfanyabiashara na baiskeli yake iliyobeba magunia ya unga kutoka Kipushi. Akasimama pale shahidi anapogusa barabara.

"Ba mama, iyi mahindi mulikosana nayo?"

Alipokwisha kwenda, Mama Chisanga alinivuta pembeni.

"Bantu bote benye kupita banaona, mama Marceline. Banasema siye tuko bavivu."

"Tutaweka kibao, tueleze."

"Kibao itaandika nini? Ya kwamba iko na njala na siye njo tunainyima?" Akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Njala inavukaka mupaka. Ukiiacha kwa jirani, kesho iko ku mulango yako."

Nimemjibu kwamba virutubisho havivuki mpaka, vinakwenda na maji na mizizi. Akaitikia kwa kichwa kwa upole mwingi. Bora angebisha.

17 Januari

Mvua. Mama Chisanga kaniletea karanga za kuchemsha. Nimemwambia sina haja. Ameziacha juu ya meza ya kibanda akaenda kupalilia.

27 Januari

Jua.

28 Januari

Jua.

2 Februari

Jua. Unga wa mahindi umepanda bei tena. Inasemekana kule Zambia nako shamba linaungua na mpaka umebana. Jeanne amepiga simu kuuliza kama nina akiba. Ninayo, kwa kuwa sili sana. Nimempelekea nusu gunia kwa mtu wa pikipiki.

7 Februari

Jua. Majani ya mahindi yanajikunja kuanzia saa nne asubuhi. Hata ya akina mama yanateseka, ingawa udongo wao uliofunikwa unashika unyevu. Jambo la ajabu ni shahidi. Tangu wiki iliyopita ananawiri. Kile kipande cha barabarani kimekwisha kuwafikia majirani zake, na rangi ni ya kijani kabisa.

Nimemtumia Profesa picha. Akapiga simu hapo hapo.

"Umechanganya vibao, Marceline."

"Sikuchanganya."

"Basi kuna mtu anatuhujumu. Angalia yule tajiri wa malori asije akawa ametuma watu."

Sijawahi kusikia tajiri anayehujumu shamba kwa kulitia mbolea, lakini nikasema nitaangalia.

14 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimepitia misa ya asubuhi, nikaenda shambani na msalaba wangu wa majivu kwenye paji la uso. Nimeinama kwenye shahidi wa barabarani kuangalia mizizi, na chini ya kila shina nikakuta majivu. Siyo ya moto wa msituni. Yamewekwa kwa mkono, duara dogo kuzunguka shina, yakafunikwa na udongo kwa adabu. Nikachimbua kwa kidole. Chini ya majivu, mavi ya kuku.

Nilikaa chini pale pale. Ilinipasa kukasirika. Niliitafuta hasira nikaona iko mbali, ya mtu mwingine.

Punde akaja Mama Chisanga na beseni kichwani. Aliniona, hakukimbia. Alipita mstari mzima akimimina maji kidogo kidogo kwenye kila shina, maji ya kuoshea vyombo, yana chembe za bukari ndani. Alipomaliza akaweka beseni chini.

"Ni weye," nikasema.

"Ni miye."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku muntu ya baiskeli alitucheka." Akafikiri. "Apana, mbele ya ile. Tangu ilianza kugeuka manjano."

"Mama, tuliwakataza."

"Mulikataza, nilisikia. Lakini mi nilizaa batoto saba, nikazika babili. Kintu ikikuwa na njala mbele yangu, mukono inaenda yenyewe, hainilombe ruhusa."

"Unajua projet inaweza kufa juu ya ile?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Juu ya mayi ya masahani?"

"Juu ya mayi ya masahani."

Akaketi karibu yangu. Alikuwa na paji la uso safi. Yeye si Mkatoliki, anasali kwa Wamethodisti. Akalamba kidole gumba akanifuta majivu yaliyonidondokea puani, kama anavyofutwa mtoto. Nikamwacha anifute.

15 Februari

Nimewaita wote kumi na wawili chini ya paa la kibanda. Nikasema shahidi amelishwa, na nataka kujua kama kuna mwingine aliyemlisha zaidi ya Mama Chisanga. Bénie, mtoto wa Sephora, alikuwa anacheza na kifuniko cha chupa.

Kisha Sephora akasema, akiangalia chini, "Miye nilitiaka mayi ya kufulia nguo ya mutoto. Kidogo tu. Ku ile ya nyuma."

Mwingine akasema yeye alipunguza mboji ya kipande chake mwenyewe, viganja viwili vitatu, jioni wenzake wakiwa wameondoka. Mwingine mkojo, aliouweka kwenye dumu mpaka ukakomaa kama nilivyowafundisha mimi mwenyewe mwaka jana. Mwingine majani ya kunde. Mwingine samadi ya mbuzi wa shemeji yake. Hakuna hata mmoja aliyejua habari za mwenzake. Kila mmoja alikuwa akivizia wenzake waondoke kwanza, ndiyo maana mwezi huu kila mama alikuwa na kisingizio cha kuchelewa kurudi nyumbani.

"Mi naye niliona inakomaa mbio," alisema Sephora, "nikasema, nilitia kidogo vile, kumbe ni Mungu."

Hapo wakacheka. Walicheka mpaka wawili wakalala chini, na Mama Chisanga akajifunika kitenge usoni mabega yakitikisika. Shahidi alikuwa amekula kwenye sufuria kumi na mbili. Haikuwa ajabu kwamba alinenepa.

Mimi sikucheka. Niliona kwamba jambo lile linachekesha, niliona vizuri sana.

19 Februari

Jua. Nimemweleza Profesa. Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani akaifuta kwa tai, akavaa, akavua tena.

"Unajua nimeandika maombi ya ruzuku miaka mingapi? Aliyenijibu ni mfadhili mmoja tu," akasema. "Huyu tu."

Siku zote nilimwona Profesa kama mtu ambaye mambo yanamnyookea. Leo nimeona kola ya shati lake imegeuzwa ikashonwa upya.

Kisha akasema tutachukua vipimo vya shahidi vya mwaka jana tuviweke kwenye ripoti ya mwaka huu. Udongo ni ule ule. Siyo uongo, ni makadirio. Mgeni wa mfadhili atakuja Aprili, na mimi, kama fundi wa shamba, ndiye nitakayetia sahihi. Akina mama waambiwe wajibu kwamba hawakutia kitu.

Nikasema sawa. Tangu Julai nimesema sawa kwa kila kitu: sawa jeneza hili, sawa wimbo ule, sawa wifi zangu wachukue suti zake. Neno lenyewe halinigharimu tena.

21 Februari

Nimewaambia akina mama wakiulizwa wajibu nini. Wameitikia. Mama Chisanga ameniuliza kama ndivyo mimi ninavyotaka. Nikasema ndivyo Profesa anavyotaka. Akasema, "Sikuulize yeye."

24 Februari

Jua.

3 Machi

Mvua imerudi, kubwa, usiku kucha na asubuhi yote. Sikutoka. Nimepanga kabati la jikoni kwa kukosa kazi. Nimekuta karanga, viazi vitamu, matembele yaliyokaushwa, mayai kwenye kopo la maziwa, asali kwenye chupa ya bia, boga. Sikununua hata kimoja. Vimekuja tangu Novemba kutoka kwa akina mama, kimoja kimoja, kila kimoja na kisingizio chake: kilizidi, kitaharibika, mume wangu hakili. Hakuna siku walikuja wawili pamoja.

Nilisimama na lile boga mkononi. Nimeelewa, na sikujua nifanye nini na jambo hilo. Nikapika boga.

17 Machi

Mahindi mabichi. Tumechoma shambani. Ya shahidi ni matamu. Hayo siwezi kuyaandika kwenye ripoti.

29 Machi

Ijumaa Kuu. Mvua.

9 Aprili

Mgeni amekuja. Anaitwa Madame Michelle, wa ofisi ya mfadhili huko Kinshasa. Nilitegemea Mzungu, nikakuta mama wa makamo mwenye mabuti yake mwenyewe yaliyokwisha kutembea mashamba mengi. Kiswahili hajui, anazungumza Kilingala na Kifaransa, kwa hiyo Profesa akanitaja niwe mkalimani kati yake na akina mama. Alinishika kiwiko tukiwa tunatoka garini. "Polepole tu, Marceline," akasema. "Wewe ni mtulivu."

Akina mama walivaa vitenge vya sikukuu. Michelle alitembea kipande kwa kipande. Alivunja udongo kwa vidole, akaunusa. Aliuliza maswali ya kweli, siyo ya adabu: kunde zinashindana na mahindi wakati wa jua? Nani anachoka zaidi, mwenye kuchoma majani au mwenye kufunika? Nilitafsiri kwenda na kurudi. Ni kazi nzuri kwa mtu wa hali yangu; maneno yanapita ndani yako bila kukugusa.

Tukafika kwa shahidi wa barabarani. Mahindi yamekauka, tayari kuvunwa, na hata kipofu angeona kwamba mashina ni manene. Michelle akasoma kibao. Akashika bua moja, akalizunguka kwa vidole vyake. Profesa akaanza kueleza kwa Kifaransa habari za rutuba isiyo sawa, na maji ya mtaro wa barabara. Michelle akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Waulize hapa walitia nini."

Nikatafsiri. "Anauliza hapa mulitia nini."

Akina mama kumi na moja wakamtazama Mama Chisanga. Mama Chisanga akanitazama mimi. Alikuwa amefunga kilemba cha njano na alionekana mzee kuliko siku zote.

"Umuambie ile yenye weye unataka, mama Marceline," akasema. "Hatutakukatala."

Profesa alikuwa ananitazama vilevile. Sikuwa na ujasiri wowote, niandike hivyo kwa sababu kesho watasema nilikuwa nao. Niliona tu kwamba wanawake hawa wameniachia shule yao yote mdomoni mwangu, ardhi na kila kitu, na hawakuniomba chochote. Kusema uongo kungehitaji nguvu fulani, nami sikuwa nayo. Nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ile ile ninayosomea kipimo cha mvua, kwamba shahidi amelishwa. Majivu, mavi ya kuku, mboji, mkojo, maji ya vyombo. Kumi na wawili wote, kila mmoja kwa siri ya wenzake. Kwamba vipimo tulivyomwandalia ni vya mwaka jana. Kwamba nilipaswa kutia sahihi.

Lori likapita likaenda Kipushi. Vumbi lilipotulia Michelle akauliza, "Kwa nini?"

Nikamtafsiria Mama Chisanga. Akafikiri, akajibu kwa kirefu, nami nikatafsiri yote: habari za mtu wa baiskeli, njaa inayovuka mpaka, mkono unaokwenda wenyewe. Mwisho akasema, "Umuambie tulifanya mubaya ku kazi yake, tunalomba pardon. Lakini asituulize kama tunajuta."

Hilo nalo nikalitafsiri.

Michelle akaachia lile bua. "Kwa hiyo hamna shahidi," akaniambia.

"Hatuna."

Akaenda garini. Profesa akamfuata, viatu vyake vikizama. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya akina mama, na Sephora akanipa maji ya kunywa.

10 Aprili

Profesa hakuja ofisini.

15 Aprili

Profesa amekuja. Tumesalimiana. Ameomba ufunguo wa stoo, nimempa.

22 Aprili

Tunavuna. Mavuno ya akina mama ni mazuri kwa mwaka wa jua kama huu. Majirani kule nyuma wamevuna mabua. Wanaimba. Chifu alipita na mtu asiyejulikana, wakasimama mbali wakionyeshana kwa mikono, huku geti, huku malori. Nyimbo zikapungua, kisha zikaendelea.

28 Aprili

Baridi imeanza asubuhi.

3 Mei

Profesa amepiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Wametupa, Marceline. Awamu ya pili. Wametupa."

Nikakaa kitini. Aliendelea kueleza mbio mbio: Michelle aliandika yote kama yalivyokuwa, akaandika kwamba hajapata kuona mradi uliomwambia ukweli mbaya kabla yeye hajaugundua. Shule inaendelea, chifu amekwisha kuarifiwa, malori yatafute pengine. Sharti ni moja. Shahidi awe shahidi kweli. Vipande vyote vinne vikusanywe pembeni, vizungushiwe wavu wa chuma na geti lenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayewajibika.

"Nimekutaja wewe," akasema. "Wewe huyumbi. Tangu Julai nimekuona. Mtu mwingine angevunjika."

Alimaanisha kunisifu. Nikamshukuru.

6 Mei

Nimewapa akina mama habari. Wamepiga vigelegele kwa ajili ya shule, wamecheza. Niliwaacha wacheze kwanza, kisha nikawaambia habari za wavu.

Ijumaa, 24 Mei

Wavu umekwisha. Mafundi wameondoka saa tisa wakaniachia kufuli jipya na ufunguo wenye uzi mwekundu. Akina mama walikuwa wamekuja kuchambua mbegu za msimu ujao. Mmoja mmoja walikuja kuuangalia wavu, wakaugusa, wakarudi kwenye mbegu. Mama Chisanga alikuja wa mwisho. Aliingiza vidole kwenye matundu akautikisa kidogo, kupima kama umekaza.

"Ufungulo iko na nani?"

"Iko na miye."

"Mwaka yenye kukuya, ile ya ndani itageuka manjano. Na weye utapita hapa kila siku."

"Ndiyo, mama."

"Na tukikulomba utufungulie kidogo?"

"Sitafungua. Nikifungua, shule inakufa."

"Nasikia." Akanitazama. "Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

Vidole vyake bado vilikuwa kwenye wavu.

"Njo ile inaniogopesha, mwana yangu," akasema. "Ya kwamba utaweza."

Nilifungua mdomo nimweleze umuhimu wa kulinganisha, jambo ambalo nimelieleza mara nyingi mpaka naweza kulieleza usingizini. Ilitoka sauti nyingine, mbaya, iliyonishtua mimi mwenyewe. Nilishika nguzo. Saruji yake ilikuwa bado mbichi ikanipaka mkono. Nikamwita Donat. Nilimwita kwa jina lake, kwa nguvu, kando ya barabara ya Kipushi na kila mpita njia akisikia, nikamwambia kwamba ameniacha peke yangu kwenye nyumba ile, kwamba hakuna anayeniuliza shamba langu linasema nini. Iliuma. Iliuma vibaya kuliko nilivyowahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kuuma, na haikuacha.

Akina mama waliacha mbegu zao wakaja. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mama Chisanga akaanza kuitikia, kama inavyofanywa kwenye kilio. Mimi namwita, yeye anaitikia, na wengine nyuma yake. Hawakumjua Donat, hawakuwahi hata kumwona. Walimlilia mpaka jua likashuka, na Sephora akanishikisha mtoto wake, naye akanivuta sikio.

Baadaye wakaniosha uso kwa maji ya dumu, tukafunika mbegu. Geti nililifunga mwenyewe, ufunguo nikautia mfukoni. Sijui tena kama nitaweza.